Zebaki Mwaloni, Zebaki Usoni

Miaka ya tisini daktari Mjapani, Masazumi Harada, na wenzake walifika Kanda ya Ziwa kupima zebaki kwenye nywele za watu. Harada hakuwa mgeni wa sumu hiyo. Sehemu kubwa ya maisha yake ilipita akiwahudumia watu wa Minamata, mji wa pwani ya Japani ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini mpaka samaki, paka na watoto walio tumboni wakadhurika. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mwaka 1956. Huku kwetu swali lilikuwa moja: wachimbaji wadogo wanaokamatia dhahabu kwa zebaki, na wavuvi wanaokula samaki wa ziwa lile lile, wameingiwa na sumu kiasi gani?

Zilichukuliwa nywele za watu 272: wachimbaji 150, wavuvi na familia zao 103, na wakazi 19 wa Mwanza mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Wachimbaji waliokutwa na zebaki walikuwepo, na hilo lilitarajiwa. Lililoshangaza ni kwamba zebaki nyingi ilikutwa pia kwa watu wa mjini ambao hawakuwa na habari na karai la dhahabu. Haikutoka machimboni wala kwenye samaki. Ilitoka kwenye sabuni ya kuogea, ile inayonunuliwa ili mtu awe mweupe.

Nauanza uchambuzi huu hapo kwa sababu mjadala wa kujikubali na kuupenda mwili, ukifika Shinyanga na Geita, huletwa kama jambo la mabinti wa mjini na simu zao. Nywele zile zinasema vingine. Katika ukanda huu wa dhahabu urembo na uchimbaji vimeshika chupa moja.

Anayeijua Rwamagasa, Nyarugusu au Mwakitolyo anaijua kazi yenyewe. Mawe yanatoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, yanapondwa, yanasagwa kwenye mashine ya karasha, unga unaoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, kisha zebaki kidogo inatiwa kwenye karai na kukandwa kwa mikono mitupu. Inakamata punje za dhahabu, linakuwa donge, donge linachomwa juu ya jiko la mkaa, wakati mwingine jiko lile lile la ugali. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Kwenye ngozi inafanya kazi nyingine: inakizuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi yetu. Mwaloni inaleta kitu kwenye mwanga, usoni inakiondoa. Na kote kuwili haikai ilipowekwa. Huingia kwenye figo na mishipa ya fahamu, humfikia mtoto tumboni, humfuata kwenye maziwa ya mama, na hata anayelala kwenye shuka moja na mpakaji hupata fungu lake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima 60 waliolazwa kwa ugonjwa wa figo wa kuvimba mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita, na habari hizi bado zinasomwa kama mpya.

Wanaoipinga hali hii huja na neno jema: jipende ulivyo. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ninachokiona ni kwamba linamtaka msichana aitupe kwa hiari yake bidhaa ambayo soko linainunua kwa bei nzuri. Machi 2019 mjini Geita lilifunguliwa soko la madini, la kwanza la aina yake nchini, ili mchimbaji mdogo ajue bei ya gramu kabla ya kufika kwa mnunuzi. Rangi ya ngozi nayo ina bei katika ukanda huu, ila haijaandikwa ubaoni. Kila mtu anaijua, na msichana huijua mapema kuliko wote.

Tuanze na ng'ombe. Usukumani mahari bado huhesabiwa kwa mifugo, hata pale ng'ombe wanapogeuzwa kuwa fedha taslimu. Kikao cha wazee kinapokaa, sifa za binti huwekwa mezani: ukoo, tabia, bidii ya kazi, elimu siku hizi, na rangi. Binti mweupe huongezewa ng'ombe. Hili halisemwi kwa kunong'ona. Husemwa kwa fahari. Na ng'ombe hao si pambo la zizi. Ndio watakaomwolea kaka yake, ndio watakaouzwa mama akiugua au mvua zikikosa. Kwa hiyo rangi ya binti ni mtaji wa nyumba nzima, na macho yanayomtazama kwenye kioo ni mengi kuliko mawili yake. Ikumbukwe kwamba katika takwimu za kitaifa za afya na uzazi za mwaka 2010, Shinyanga ndiyo iliyoongoza nchi kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake vijana waliohojiwa walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hapo hatuzungumzii mtu mzima aliyekaa akapima uzuri wake. Tunazungumzia mtoto anayekadiriwa.

Mjini hesabu inabadilika sura, si tabia. Kahama, Katoro, Runzewe na Geita yenyewe ni miji iliyonona kwa rashi za dhahabu na kwa malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Kazi anazopata msichana aliyemaliza kidato cha nne huko ni za kaunta: baa, nyumba ya wageni, duka la simu, kibanda cha kutuma pesa. Tangazo la kazi hubandikwa mlangoni: anatafutwa dada mwenye mvuto. Neno mvuto halijafafanuliwa popote, na halihitaji. Msichana atazame tu walioajiriwa kabla yake.

Mwaka 2011 mtafiti Kelly Lewis na wenzake walichapisha mahojiano na wanawake 42 wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichubua. Sababu walizotoa zilikuwa nyingi kuliko ile moja tunayopenda kuwabandika, ya kutamani Uzungu. Ilikuwepo hiyo, ndiyo. Lakini wapo waliotaka kuondoa chunusi na vipele, waliotaka ngozi laini, waliotaka kumridhisha mume au kumpata, waliotaka kuwakoga wenzao. Na wapo walioendelea kupaka ili kuyafunika madhara ya kule kupaka kwa mwanzo. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi. Krimu nyingi za mkorogo zina dawa kali za jamii ya steroidi. Ukiziacha ghafla ngozi hulipuka vipele, hukereketa, hurudi nyeusi kuliko ilivyokuwa. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, nayo ikitumiwa miaka huweza kuacha mabaka ya rangi ya wino mashavuni. Basi unapomwambia mwanamke huyo ajipende alivyo, unamwambia aishi miezi kadhaa na uso ambao hata yeye haujui, katika mji ambao utani wake wa kawaida ni uso Fanta, miguu Coca-Cola. Utani huo nao ni wa ajabu kidogo: unamcheka aliyejichubua vibaya, haumgusi aliyefanikiwa.

Tukisema matangazo, wengi wanawaza bango la barabarani na binti anayetabasamu na kopo. Yapo. Ila katika ukanda huu tangazo lina miguu. Mnadani kuna mwenye spika begani anayetaja krimu kwa wimbo, bei kwa kikopo, na kikopo chenyewe hakina jina la kiwanda. Kwenye nguzo za umeme kuna karatasi za waganga: kuongeza makalio, kuongeza hipsi, kupunguza tumbo, na chini yake, kwa wino huo huo na namba hiyo hiyo ya simu, nguvu za kiume na mvuto wa biashara. (Mwanamume asidhani ameachwa. Yeye anauziwa hofu nyingine, na kwa sababu hofu yake haionekani usoni, hakuna anayemcheka.) Kwenye video za harusi bwana harusi anabaki na rangi yake na bibi harusi anapakwa poda mpaka shingo yake na uso wake vinakuwa vya watu wawili. Simuni kuna filta inayoing'arisha picha kabla mwenyewe hajaomba. Hapo tangazo si la mtu mwingine tena, ni la wewe uliyeboreshwa, na ndilo gumu kulikataa. Lakini bango kubwa kuliko yote ni mke mpya wa mchimbaji aliyetoboa. Kijana amekaa mashimoni miaka sita, duara limekubali, na wiki ya pili mji mzima umeona amemchagua nani. Hakuna kampuni iliyolipia tangazo hilo.

Hayo hayakuanza na simu. Krimu za Ambi zilitangazwa katika magazeti ya Afrika Mashariki na Kusini tangu miaka ya sitini, na jina lile likawa karibu neno la kawaida la mkorogo. Tanzania ilijaribu mapema kupambana nazo. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ianze rasmi Januari 1, 1969: mini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikawekwa kapu moja la utamaduni wa kikoloni. Nia ya kuwaambia Waafrika kwamba rangi yao haina dosari ilikuwa njema. Utekelezaji ukawa wa vijana wa kiume kuwavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya urefu wa sketi. Mashindano ya urembo nayo yalisimamishwa, yakarudi mwaka 1994, na kufikia hapo krimu zilikuwa zimejaa tele. Somo ninalolipata humo ni kwamba ukiupiga vita ukoloni kwa kumkagua mwanamke mwili, umebadilisha mkaguzi tu.

Na tuseme ukweli kuhusu huo ukoloni. Zile sabuni za iodidi ya zebaki zilizoacha alama kwenye nywele za Mwanza zilikuwa zikitengenezwa Ulaya kwa ajili ya Afrika, huku sheria za Ulaya zikikataza vipodozi vya zebaki kuuzwa kwa Wazungu wenyewe. Mojawapo ya sabuni zilizokuja kupigwa marufuku Afrika Mashariki iliitwa Jaribu. Mtu alikaa ofisini mbali na hapa akatafuta neno la Kiswahili, akaona hilo linatosha.

Kwa upande wa sheria siwezi kusema nchi imelala. Mamlaka ya Chakula na Dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ilipiga marufuku vipodozi vya zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi imehamia Shirika la Viwango, TBS. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo huo unagusa karai la mchimbaji na kopo la krimu, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuviondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Rwanda ilikwishaanza msako wake madukani kati ya 2018 na 2019. Tatizo ni kwamba mkorogo, kama jina lake linavyosema, hukorogwa. Kikopo hiki kimepita mpaka wa Kongo, kile wa Burundi, tyubu ya tatu ni dawa halali ya ukurutu kutoka famasi, na vyote vinachanganywa kwenye beseni nyuma ya saluni. Mkaguzi hukamata makopo, hayakamati mapishi. Shehena inateketezwa mbele ya kamera, mwenye duka analipa faini, na Jumamosi inayofuata wazee wanakaa kikao cha mahari.

Kuna jambo ambalo mjadala wa urembo huliepuka, na katika Shinyanga na Geita haiwezekani kuliepuka. Huku rangi ya mwili haijawahi kuwa suala la urembo peke yake. Kwa miongo mingi vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyowaponza wengi ni macho mekundu, mekundu kwa sababu ya miaka hamsini ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, likaja wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino. Watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walionyesha mwaka 2010 jinsi mauaji hayo yalivyofungamana na machimbo: mchimbaji anayesaka bahati, mganga anayemuuzia hirizi, na mwili wa mtu kama kiungo. Hukumu ya kwanza ilitolewa Kahama Septemba 2009, ambapo wanaume watatu walihukumiwa kifo kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Kituo cha Buhangija mjini Shinyanga kikafurika watoto ambao wazazi wao hawakuweza kuwalinda nyumbani.

Mitaani watoto hao waliitwa dili. Neno hilo linaeleza zaidi ya ripoti nyingi. Tungekuwa jamii inayopenda weupe, kama tunavyosemwa, mtu mwenye ualbino angekuwa salama kuliko wote. Ukweli ni mbaya zaidi: tumezoea kuutazama mwili na kuuliza utaleta nini. Weupe wa bibi harusi unaleta ng'ombe, weupe wa mtoto wa Buhangija ulidhaniwa unaleta dhahabu, macho ya bibi kizee yanaleta mkosi. Sisemi kujichubua na kuua ni dhambi moja. Nasema jicho linalokadiria ni moja.

Je, kujipamba basi ni kosa? Hapana, na hapa natofautiana na wahubiri wa pande zote. Mswahili wa pwani anajisugua singo na kujipaka liwa, Msukuma ana shanga zake, na hakuna aliyeharibikiwa figo. Pambo linaongeza kitu kwenye mwili uliopo. Mkorogo unaanza na hukumu kwamba mwili uliopo hautoshi. Nenda Bujora, karibu na Mwanza, mwezi Juni wakati wa Bulabo, sikukuu aliyoianzisha Padri David Clement miaka ya hamsini, uone vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana. Anayeshinda ni anayewavuta watazamaji upande wake, kwa nyoka, kwa majembe, kwa vichekesho, kwa jasho. Wapo wacheza ngoma weusi tii, wanene, wafupi, wazee, na uwanja unawafuata. Mwili unatazamwa kwa kile unachokifanya. Sina nia ya kuyapamba mambo ya kale, kwa maana watazamaji hao hao ndio wanaohesabu ng'ombe jioni. Ila inaonyesha kwamba tunacho kipimo kingine, na ni cha kwetu.

Shinyanga pia ndiko alikozaliwa Flaviana Matata. Mwaka 2007 alisimama kwenye jukwaa la Miss Universe huko Mexico City akiwa amenyoa kipara, rangi yake ile ile, na akaingia kumi bora. Baadaye akafanya kazi ya uanamitindo New York na kurudi kuanzisha biashara ya rangi za kucha na taasisi ya kusomesha wasichana. Picha yake ilisaidia, na wasichana wengi wa Kanda ya Ziwa walinyoa vichwa bila kuomba radhi. Bado inaniuma kidogo kwamba weusi wetu ulipata heshima baada ya kugongwa muhuri nje. Na mwanamitindo mmoja hawezi kukaa kwenye kila kikao cha mahari.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, nisingeanza na bango. Ningeanza na wanaopanga bei: wazee na washenga wakubaliane, hata kijiji kwa kijiji, kwamba rangi haitajwi mezani, kama walivyokwisha kukubaliana mambo mengine kuhusu idadi ya ng'ombe. Waajiri waandike wanataka ujuzi gani badala ya mvuto. Wasusi na wenye saluni wafundishwe dalili, kwa sababu wao ndio wanaoiona ngozi iliyoungua kabla ya daktari. Na anayetaka kuacha apate daktari wa ngozi wa kumshusha taratibu kutoka kwenye steroidi, maana kumlaumu hakutibu. Madaktari hao ni wachache sana kanda hii. Wengi wamefundishwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992.

Hapo Moshi hutengenezwa krimu nyingine, Kilisun. Haifanyi ngozi iwe nyeupe wala nyeusi. Ni kinga ya jua kwa watu wenye ualbino, ambao wengi hufa mapema kwa saratani ya ngozi hata wakiponea panga. Nimepita barabara ya Shinyanga hadi Geita mara nyingi, nikayasoma matangazo yote ya nguzo za umeme. Hiyo sijaiona.